Kompyuta ya mezani iliyojaa: namna ya kuongeza hifadhi kwa gharama ndogo

Katika Windows, mstari unaoonyesha nafasi iliyotumika hugeuka mwekundu pindi diski inapobakiwa na chini ya asilimia 10 ya ujazo wake. Katika studio za picha na vibanda vya uchapaji, kuanzia Buyenzi mjini Bujumbura hadi Biryogo mjini Kigali, wekundu huo huwatisha wengi, hasa wale ambao kompyuta yao ilikwisha kutumika miaka kadhaa kwenye ofisi za ughaibuni kabla ya kufika sokoni kwetu. Mara nyingi mwenye mashine huambiwa anunue nyingine. Kwa kawaida hana haja: kilichojaa ni diski, na diski ni miongoni mwa sehemu rahisi kuongezwa katika kompyuta ya mezani.

Kabla ya kutoa fedha, inafaa kufuta visivyohitajika. Pipa la taka, faili zilizopakuliwa kutoka intaneti na folda iitwayo Windows.old, ambayo husalia baada ya kupandisha toleo la Windows, huweza kumeza gigabaiti nyingi. Hatua hiyo haigharimu kitu, lakini kwa anayehifadhi picha na video za harusi humpa nafuu ya wiki chache tu.

Hatua inayofuata ni kuzima kompyuta, kuchomoa waya wa umeme na kufungua ubavu wa kasha. Macho yatafute kebo inayounganisha diski na bodi mama. Ikiwa ni bapa na pana kama mkanda, hiyo ni teknolojia ya IDE, ambayo diski zake mpya ni adimu. Kwa mashine hiyo, diski ya nje ya USB huenda ikawa suluhisho la busara zaidi. Ikiwa ni kebo nyembamba yenye plagi ndogo, hiyo ni SATA, iliyoanza kuenea tangu mwaka 2003. Matoleo ya SATA husikilizana, hivyo diski mpya hufanya kazi kwenye bodi ya zamani, ila kwa kasi ya ile bodi. Diski ya SATA iliyotolewa kwenye kompyuta mpakato iliyoharibika skrini nayo hutumia plagi zilezile, na yaweza kuchomekwa moja kwa moja. Ikiwa matundu yote ya SATA yamejaa, kebo ya kisomaji cha DVD ambacho hakitumiki tena inaweza kuazimwa.

Tahadhari ipo upande wa umeme. Pale ambapo plagi ya umeme ya SATA haitoshi, hutumika kebo ya kubadilisha kutoka plagi ya zamani yenye pini 4. Kebo hizo ni za bei ndogo, lakini zile ambazo nyaya zake zimefunikwa kwa plastiki iliyoyeyushwa zimewahi kuleta hitilafu ya umeme na hata moto. Afadhali kuchagua ile ambayo kila waya umebanwa peke yake.

Je, inunuliwe diski ya aina gani? Ile ya HDD, yenye sahani zinazozunguka, hutoa nafasi kubwa kwa bei ndogo. SSD haina kitu kinachozunguka na hupata faili kwa muda mfupi sana, ilhali sahani za HDD huhitaji takriban milisekunde 10 kila zinapotafuta. Kwa mwenye bajeti finyu, naona mgawanyo bora ni SSD ndogo ya gigabaiti 240 hivi kwa ajili ya Windows na programu, huku diski iliyokuwapo ikibaki ghala la picha na nyaraka. Hata bodi ya zamani yenye SATA ya kasi ndogo hunufaika, na mashine iliyokuwa ikisuasua huonekana kama imezaliwa upya.

Anayetaka diski kubwa azingatie kikomo kimoja. Diski iliyogawanywa kwa mfumo wa zamani wa MBR haitumiki zaidi ya terabaiti 2 hivi. Kinachozidi hupotea bure. Mfumo wa GPT huondoa kikomo hicho, lakini kompyuta yenye BIOS ya zamani haiwezi kuwashia Windows kutoka kwenye diski ya GPT. Kwa hiyo diski kubwa iwe ya pili, ya kuhifadhia tu. Wala mnunuzi asidhani ameibiwa anapoona diski ya terabaiti 1 ikisomeka gigabaiti 931: watengenezaji huhesabu kwa 1,000, na Windows huhesabu kwa 1,024.

Wizi wa kweli upo kwingine. Huuzwa diski za nje zilizoandikwa terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha siku chache. Ndani ya baadhi yake mna kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, nacho kidhibiti chake kimepangwa kuidanganya kompyuta. Faili huonekana kunakiliwa bila tatizo, majina yake yanasomeka, lakini ujazo halisi unapokwisha data mpya hufuta ya zamani au hutoweka. Mwenye nayo hugundua siku anapoihitaji. Programu za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux, huandika data hadi diski ijae kisha huisoma tena kuhakiki. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa; ifanywe kabla ya kuweka faili hata moja ya maana.

Diski iliyotumika nayo isinunuliwe bila kuulizwa historia yake. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo diski imewaka. Diski ya ofisini hutimiza takriban saa 2,000 kwa mwaka. Iliyotolewa kwenye kamera za ulinzi hutimiza 8,760, na baada ya miaka mitano huwa imepita 43,000. Tazama pia mistari yenye alama 05 na C5. Ikiwa haisomeki sifuri, sehemu za diski zimeanza kufa, na punguzo lolote la bei halifai.

Wakati wa kuhamisha data, umeme usikatike: kifaa cha akiba cha UPS, hata cha kuazima, kinastahili siku hiyo. Ikiwa SSD ni ndogo kuliko diski ya awali, ni rahisi zaidi kusakinisha Windows upya kuliko kunakili diski nzima. Diski ya zamani ichomolewe kwanza ili isifutwe kwa makosa, na irudishwe mfumo mpya ukishawaka. Picha za wateja zisibaki humo peke yake. Nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine, nje ya kasha hilo.