Gari la patroni kwenye mita 402

Magari mawili yamesimama sambamba mbele ya nguzo ya taa. La kushoto lina moteri ya silinda 8, pua ndefu, na matairi ya nyuma mapana kama ya kamiyo. La kulia ni gari la milango 4 lenye viti vya ngozi, la aina ile ambayo patroni anakaa nyuma akisoma gazeti huku shofere akiendesha polepole. Taa ya kijani inawaka. La kushoto linatoa moshi wa matairi na kutikisa mkia. La kulia halina moshi wala makelele mengi. Linaondoka kana kwamba kuna mtu amelisukuma kwa nyuma, na mwenzake anapomaliza kuteleza, limekwisha kumtangulia.

Tukio la namna hii limeonekana mara nyingi kwenye viwanja vya mbio vya Marekani tangu mwisho wa miaka ya 1990. Anayelitazama mara ya kwanza anajiuliza gari zito la kifahari limejifunzia wapi kukimbia hivyo. Jibu linapita kwenye theluji ya Sweden na kwenye potopoto ya Kenya, na linapita pia kwenye vifo vya watu waliokuja kutazama tu.

Tuanze na uwanja wenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa California walinunua magari makuukuu, wakayatoa mabawa na vifuniko ili yawe mepesi, wakashindana. Wengine walikwenda kwenye maziwa yaliyokauka jangwani. Wengine hawakwenda mbali: walishindana usiku barabarani, kutoka taa moja hadi nyingine, na watu walikufa. Mwaka 1950 mashindano ya kulipia kiingilio yalianza kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana, magari yakikimbia pale ambapo ndege zinatua. Mwaka 1951 Wally Parks, mhariri wa gazeti la Hot Rod, aliunda chama cha NHRA. Wazo lake lilikuwa jepesi: kijana ukimkataza ataendelea kwa kujificha, basi mpe mahali. Mwezi wa nne mwaka 1953 chama hicho kiliandaa mbio zake rasmi za kwanza mjini Pomona, kwenye maegesho ya uwanja wa maonyesho, polisi wa mji wakiwa upande wa waandaaji. Njia ilikuwa imenyooka, magari mawili kwa wakati mmoja, urefu wa robo maili, yaani mita 402.

Mwaka uliofuata NHRA ilituma watu 4 kuzunguka Marekani, gari moja likivuta trela ya vifaa, wakifundisha mji baada ya mji namna ya kupima njia, kukagua breki na kuwaweka watazamaji mbali. Kiongozi wao, Bud Coons, alikuwa polisi wa Pomona. Msafara huo waliuita Drag Safari. Neno safari Waingereza walilichukua kwa Waswahili katika karne ya 19, na sasa lilikuwa limeandikwa kwenye trela huko Kansas na Texas, ambako hakuna aliyejua Kiswahili.

Na mwaka 1953 huohuo, huku kwetu Afrika ya Mashariki, kulianza safari nyingine. Waingereza walikuwa wakisherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, wakaandaa mbio ndefu za magari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, wakaziita Coronation Safari. Baadaye zikajulikana kama Safari Rally. Magari yalikuwa ya kawaida, na barabara ndiyo iliyokuwa hakimu: vumbi, mawe, mito iliyofurika. Anayeijua barabara ya Bukavu kwenda Shabunda wakati wa mvua hahitaji kuelezwa zaidi. Mshindi alikuwa yule ambaye gari lake lilifika. Ndiyo maana Peugeot 404 na 504 zilipata heshima kule, na ni magari ambayo wazee wa Kivu nao wanayakumbuka. Joginder Singh alishinda mara 3, Shekhar Mehta mara 5, na watu wengi waliwafuata kwa redio tu, sikio kwenye spika, wakisubiri kuambiwa nani amepita na nani amekwama.

Kwa zaidi ya miaka 30, kila gari lililoshinda Safari lilisukumwa na magurudumu mawili. Magurudumu manne yenye nguvu yalikuwa ya jipu na ya jeshi. Gari la namna hiyo lilihesabiwa kuwa zito, la polepole, la kazi ngumu.

Lililogeuza mawazo hayo ni jipu moja dogo la kijeshi. Majira ya baridi ya 1976 hadi 1977, mainjinia wa Audi ya Ujerumani walikuwa Sweden wakijaribu magari kwenye theluji. Walikuwa na Iltis, jipu la Volkswagen lenye nguvu za farasi 75 tu, na hilo jipu liliyaacha magari yenye nguvu zaidi yakizungusha matairi bure. Injinia Jörg Bensinger aliliona, akalipeleka wazo kwa mkubwa wake Ferdinand Piëch: je, tukiweka magurudumu manne yenye nguvu kwenye gari la mwendo kasi? Mwezi wa tatu 1980, kwenye maonyesho ya Geneva, Audi ilitoa gari lililoitwa quattro. Lilikuwa na moteri ya silinda 5, turbo, na nguvu za farasi 200.

Turbo wengi wanaifahamu kwa mlio wake kwenye kamiyo za mazuti. Moshi unaotoka kwenye moteri unazungusha feni ndogo, na feni hiyo inasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta yanaweza kuzidishwa, na nguvu inaongezeka. Kwa watu wa milimani kuna faida nyingine. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, Nairobi karibu mita 1,700, na kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, moteri ya kawaida inachoka. Turbo inarudisha sehemu kubwa ya kile ambacho mlima umekula. Mwaka 1987 Walter Röhrl alipanda na Audi mlima wa Pikes Peak huko Colorado, ambao kilele chake kinapita mita 4,300, akawa wa kwanza kumaliza chini ya dakika 11.

Kabla ya hapo quattro ilikuwa imeshageuza mbio za rali. Mwaka 1981, Michèle Mouton wa Ufaransa, akiwa na msomaji wake wa njia Fabrizia Pons, alishinda Sanremo nchini Italia, mwanamke wa kwanza kushinda rali ya ubingwa wa dunia. Makampuni mengine yakafuata. Magari ya kundi lililoitwa B yakawa mepesi kama boksi na yenye nguvu kupita kiasi, na watazamaji walisimama katikati ya barabara wakikimbia pembeni dakika ya mwisho. Wengine walijaribu hata kuligusa gari likipita. Mwezi wa tatu 1986, nchini Ureno, gari moja liliingia ndani ya umati. Watu 3 walikufa na zaidi ya 30 waliumia. Audi ilijiondoa. Miezi miwili baadaye, Corsica, Henri Toivonen na mwenzake Sergio Cresto waliungua ndani ya gari lao. Kundi B lilifungwa mwisho wa mwaka huo.

Sheria mpya zilitaka gari linalouzwa kweli dukani, lililotengenezwa kwa maelfu. Hapo ndipo gari la patroni linaingia. Audi ilichukua 200 quattro, gari la wakubwa wa makampuni, la milango 4 na urefu wa karibu mita 4.8, likiwa na turbo na magurudumu manne. Kwenye barabara nyembamba za milima ya Monte Carlo, Januari 1987, lilikuwa kubwa mno. Röhrl akamaliza wa tatu nyuma ya Lancia mbili. Lakini Kenya si Monte Carlo. Kwenye Safari ya Pasaka mwaka huo, umbo kubwa na uzito, ambavyo mahali pengine vilikuwa kasoro, vilisaidia. Hannu Mikkola wa Finland alishinda, akiwa na Arne Hertz, na Röhrl akawa wa pili. Ilikuwa mara ya kwanza gari la magurudumu manne kushinda Safari, na halikuwa jipu. Mikkola mwenyewe hakuwa mgeni: mwaka 1972, akiwa na Ford Escort, alikuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika ya Mashariki kushinda mbio hizo.

Mwaka 1988 Audi ikalipeleka gari hilohilo Marekani, kwenye mbio za lami zilizoitwa Trans-Am. Wenyeji walikuwa na moteri kubwa za silinda 8 na magurudumu ya nyuma, wakacheka. Audi ilishinda mara 8 katika mbio 13, na Hurley Haywood akawa bingwa. Mwaka uliofuata sheria ilikataza magurudumu manne. Uingereza nako Frank Biela alishinda ubingwa wa 1996 na Audi A4 quattro, na miaka miwili baadaye mlango ukafungwa vilevile. Unaweza kuwaelewa waandaaji, maana mbio ambazo mshindi anajulikana mapema hazijazi uwanja. Hata hivyo inachekesha kidogo kuona gari la ofisini likifukuzwa kwa sababu halitelezi.

Mahali pamoja palibaki wazi kwa mtu wa kawaida mwenye gari la namna hiyo: zile mita 402 za Wally Parks. Wikendi, mtu analipa kiingilio, gari linakaguliwa, anapanga mstari. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Audi ilitoa S4, gari la milango 4 lenye turbo mbili na nguvu za farasi 265. Kama lilivyotoka dukani lilimaliza njia hiyo kwa karibu sekunde 14. Mafundi wakaona kuna nguvu imefichwa. Wakabadilisha programu ya kompyuta ya moteri ili turbo isukume zaidi, kisha wakaweka turbo kubwa za ndugu yake RS4, kisha vipoza hewa vikubwa, wakashuka hadi sekunde 12 na hata chini. Kazi si nyepesi. Turbo za S4 zimebanwa nyuma ya moteri kiasi kwamba mafundi wengi wanaitoa moteri nzima kwanza. Fundi wa Birere angedai pesa ya ziada kabla ya kufungua boneti.

Siri ya gari hili iko kwenye mita 20 za kwanza. Gari linapoondoka kwa nguvu, uzito unarudi nyuma na pua inainuka. Lenye magurudumu mawili linapaswa kugawanya nguvu zote kwa matairi mawili, na nguvu ikizidi yanateleza. Ndiyo maana madereva wake wanayazungusha kwanza kwenye maji ili yapate moto na kunata. Mwenye magurudumu manne mara nyingi anazunguka pembeni ya yale maji, asiyalowanishe. Anapandisha moteri hadi turbo ianze kulia, anaachia ambreyaji, na matairi manne yanashika kwa pamoja.

Ila nguvu haipotei. Tairi lisipoteleza, mshindo wote unakwenda kwenye ambreyaji, kwenye buati ya vitesi na kwenye ekseli. Wengi waliorudi nyumbani kwa kuvutwa walivunja kitu hapo, sekunde ya kwanza kabisa. Hatari nyingine ni mafuta. Turbo iliyozidishwa inataka esansi safi, ya kiwango cha juu. Ikipewa mbaya, moto unawaka kabla ya wakati ndani ya silinda na pistoni inatoboka. Esansi ya Kadhafi wa barabarani, iliyochanganywa na nani ajuaye nini, ingeimaliza moteri hiyo asubuhi moja.

Kuna namna ya kushindana ambayo inafaa zaidi watu wasio na pesa nyingi. Kila dereva anaandika kwenye kioo muda ambao gari lake litatumia. Mwenye gari la polepole anawashiwa taa mapema, na wote wawili, wakiendesha sawa, wanapaswa kufika pamoja. Anayekimbia haraka kuliko alivyoandika anapoteza, na anayeondoka kabla ya kijani anapoteza pia. Hapo gari la familia linaweza kulishinda gari la tajiri, kwa sababu kinachopimwa ni dereva kulijua gari lake na kutokuwa mwongo.

Ulinzi nao umeandikwa. Kwa miaka mingi sheria ya NHRA ilisema anayemaliza chini ya sekunde 14 avae kaske, na anayeshuka chini ya sekunde 11 na nusu afunge vyuma vya kulinda kichwa gari likipinduka. Ukuta unasimama kati ya njia na watazamaji. Wanaokaa na familia zao pembezoni mwa barabara kuu, magari yakipita mita chache kutoka mlangoni, wanaelewa thamani ya ukuta huo kuliko mwandishi yeyote wa michezo. Mwaka 2008 Scott Kalitta alipokufa kwenye uwanja wa Englishtown, New Jersey, magari ya daraja la juu yenye kasi kubwa kabisa yalipunguziwa njia hadi futi 1,000, yaani karibu mita 305, ili yapate nafasi zaidi ya kusimama. Magari ya milango 4 yalibaki na mita zao 402.

Na mashindano makubwa ya NHRA hadi leo yana kikosi kinachotayarisha njia, kuzima moto na kumtoa dereva ndani ya gari lililopinduka. Kinaitwa Safety Safari, jina lililotokana na ule msafara wa watu 4 wa mwaka 1954.