Kuhesabu Kurasa, Kuhesabu Watu

Mei 2012 mashindano ya vivinjari yalikuwa na washindi wawili kwa wakati mmoja. Kampuni ya StatCounter ya Ireland ilitangaza kwamba Chrome ya Google imeipiku Internet Explorer ya Microsoft kwa wiki nzima, asilimia 32.76 dhidi ya 31.94. Kampuni ya Net Applications ya California, iliyochapisha takwimu zake kwa jina la NetMarketShare, kwa mwezi huohuo iliipa Internet Explorer asilimia 54 hivi, huku Chrome haijafika hata 20. Katika daftari la California, Chrome ilikuja kuongoza mwaka 2016. Waandishi wa habari, kama ilivyo desturi yao, waliipenda zaidi taarifa ya mfalme kupinduliwa kuliko ile ya mfalme kuendelea kukaa kitini.

Hakuna aliyekosea kujumlisha. Kila upande ulifuata mapokeo yake ya kuhesabu.

StatCounter humpa mwenye tovuti kaunta, yaani kipande kidogo cha msimbo kinachowekwa ndani ya kurasa zake. Kila ukurasa unapofunguliwa, kaunta huongeza moja na kuandika ni kivinjari gani kilichoufungua. Wakati ule kampuni ilisema ina tovuti milioni 3 na kurasa bilioni 15 kwa mwezi. Net Applications ilikuwa na tovuti chache mno ukilinganisha, makumi ya maelfu tu, lakini yenyewe ilihesabu wageni: ukiingia kwenye tovuti moja mara hamsini kwa siku, bado wewe ni mmoja. Mwaka 2009 ikaongeza hatua ya pili. Kila nchi ikapewa uzito kulingana na idadi ya watu wake wanaotumia intaneti, kwa takwimu za shirika la ujasusi la Marekani, CIA.

Nchi iliyoonyesha umuhimu wa hatua hiyo ni China. Mwanzoni mwa 2012 ilikuwa na watumiaji wa intaneti zaidi ya milioni 500, ila kaunta za Magharibi ziliwaona wachache, kwa kuwa tovuti wanazozitembelea ni za kwao. Wengi walikuwa bado na Internet Explorer, hata toleo la 6 lililotoka 2001, au vivinjari vya nyumbani vilivyojengwa juu ya injini yake. Wape Wachina uzito wao, Internet Explorer inapanda. Waache nje, Chrome inapanda.

Hata siku ya juma ilikuwa na kauli. Mara ya kwanza StatCounter kuiona Chrome ikiongoza ilikuwa tarehe 18 Machi 2012, kwa siku moja tu. Ilikuwa Jumapili. Jumatatu watu walirudi kwenye kompyuta za ofisini, ambako mfanyakazi hutumia kivinjari alichowekewa, na Internet Explorer ikarejea juu. Microsoft ilijibu hadharani kwa malalamiko mawili: kwamba StatCounter haitoi uzito kwa nchi, na kwamba Chrome hupakua kimyakimya kurasa ambazo mtumiaji huenda asizifungue kamwe, nazo zinahesabiwa. Lalamiko la pili lilikuwa la haki, na tangu Mei mwaka huo StatCounter ikaanza kuziondoa kurasa hizo. Lalamiko la kwanza ilikataa kulifuata, na mpaka leo haijalifuata.

Ukitafuta asili ya ubishi huu utaikuta mbali na kompyuta. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa milioni 2 na zaidi, likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Rais Roosevelt. Majina mengi lilikuwa limeyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. George Gallup, aliyehoji watu wachache zaidi kwa mbali lakini akijitahidi wafanane na wapigakura wenyewe, alimtaja Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48, na miaka miwili baadaye jarida likafa. Tangu hapo watakwimu wanaohesabu watu hawashtushwi na ukubwa wa rundo. Huuliza kwanza limeokotwa wapi.

Ni rahisi kuliona Literary Digest ndani ya StatCounter, na wapo waliofanya hivyo. Mimi nadhani ulinganisho huo unaishia njiani. Literary Digest liliulizwa swali la watu likajibu kwa rundo la karatasi. StatCounter inasema wazi kwamba inapima matumizi, na kwa mtu anayeuza matangazo au kulipia seva, ukurasa uliofunguliwa ndicho kitu chenyewe anachokitafuta. Dosari inaingia pale msomaji anapoisoma asilimia 32 ya kurasa kana kwamba ni watu 32 kati ya mia. Tena njia ya Gallup nayo ina mtego wake ikihamishiwa huku. Mchina anayetembelea tovuti ya Marekani yenye kaunta si Mchina wa kawaida. Ukimzidisha ili awakilishe maelfu ya wenzake, unazidisha na upekee wake.

Kwetu Afrika Mashariki tofauti ya kurasa na watu inagusa mfuko. Mwenye waya wa intaneti nyumbani hufungua kurasa bila kuwaza. Anayenunua bando la siku hufungua chache, kwa hesabu, na mara nyingi kwa kivinjari kinachobana data. Kuhesabu kurasa ni sawa na kugawa kura kwa kadiri ya uwezo wa kununua data. Opera Mini ilipendwa Kenya na Tanzania kwa sababu hiyo hasa: ukurasa hupita kwanza kwenye seva za Opera, unabanwa, kisha ndipo unafika kwenye simu. Lakini njia hiyohiyo inamvuruga mhesabuji. Msimbo wa ukurasa hufanya kazi kwenye seva ile, kwa mipaka, na anwani inayoonekana ni ya seva. Mhesabuji asiyesoma maelezo ya ziada yanayotumwa pamoja na ombi atamwandika mtu wa Mwanza kuwa yuko Ulaya.

Halafu kuna jina lenyewe ambalo kivinjari hujitambulisha nalo, na hapa shule zote mbili zinategemea ushahidi wa shahidi mwongo. Internet Explorer ilijiita Mozilla, jina ambalo kivinjari cha Netscape kilijitambulisha nalo, ili isinyimwe kurasa zilizotengenezewa kivinjari hicho. Chrome hujitaja kuwa Mozilla na Safari kwa pumzi moja. Opera kwa miaka kadhaa ilijitambulisha kama Internet Explorer. Vivaldi, tangu mwisho wa 2019, hujitangaza kuwa Chrome kwenye tovuti nyingi kwa sababu ikitaja jina lake inafungiwa milango, na Brave nayo hufanya hivyo. Waliohamia huko kuikimbia Google wanahesabiwa kama wafuasi wake. Firefox tangu 2019 huzuia wafuatiliaji wengi bila kuombwa, na ukiongeza vizuia-matangazo ambavyo watu hujiwekea, baadhi ya kaunta hazipati hata nafasi ya kudanganywa.

Wenye magazeti walipita kwenye vurugu kama hii. Wachapishaji wa Marekani walikuwa wakijitangazia idadi ya nakala wanavyotaka, mpaka 1914 watangazaji, mawakala na wachapishaji wenyewe walipoanzisha Audit Bureau of Circulations, chombo cha kukagua nakala zilizouzwa kweli. Ukaguzi huo haukusema ni watu wangapi wanaosoma nakala moja, ila nakala yenyewe ilikuwa na maana moja kwa wote. Vivinjari havijapata mkaguzi wa namna hiyo. Net Applications ilifunga takwimu zake baada ya Oktoba 2020, ikieleza kwamba mabadiliko yanayokuja katika namna vivinjari vinavyojitambulisha yangeharibu mbinu zake. Wikimedia hutoa hesabu za seva zake, serikali ya Marekani za tovuti zake tangu 2015, kila mmoja akihesabu waliopita mlangoni kwake. StatCounter ndiyo inayonukuliwa karibu kila mahali, na mara nyingi bila neno "kurasa".

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kutengeneza tovuti ya matokeo ya mitihani au ya kuomba cheti cha kuzaliwa, usikubali mtu akuambie kivinjari fulani kiachwe kwa kuwa duniani kina asilimia moja. Muulize asilimia moja ya nini, iliyohesabiwa wapi. Soma kumbukumbu za seva yako mwenyewe, nazo uzisome kwa tahadhari: aliyeshindwa kufungua ukurasa jana hatarudi kesho ili ahesabiwe. Kisha azima simu ya bei ya chini kabisa sokoni, weka bando dogo, ufungue tovuti yako kabla ya kuikabidhi.