Karatasi ya Iringa

Mwaka 2003, mjini Iringa, Bibi Susie Hart, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, aliwakusanya vijana watatu viziwi, wakaanza kazi ambayo wengi wa jirani zao hawakuwahi kuidhania kuwa ni kazi: kufanya karatasi kwa mavi ya ndovu. Huo ndio mwanzo wa karakana iitwayo Neema Crafts.

Ili thamani ya siku ile ijulikane, yapasa kukumbuka yaliyoitangulia. Shule ya kwanza ya viziwi katika nchi yetu ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974; lakini shule zilikuwa chache na nchi ni pana, na mtoto kiziwi wa shamba aghalabu alikulia nyumbani akichunga mbuzi na kuchota maji, hana lugha ila ishara chache walizozoeana na mama yake. Hata yule aliyejaaliwa kusoma, alipomaliza alikuta mlango wa ajira umefungwa kwa swali moja tu, tutasemezana naye vipi, kana kwamba kila riziki duniani hutafutwa kwa ulimi. Watu walimwita bubu, neno lisilo la haki, maana lugha anayo, nayo i mikononi mwake. Na wenyewe walipounda chama chao, CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, miaka ya 1980, walijiita viziwi, wala hawakuona haya.

Turudi kwenye karatasi. Ndovu, ambao Hifadhi ya Ruaha ni makao yao mashuhuri, hula majani, magome na matawi kwa wingi ajabu, na matumbo yao hayamalizi kusaga hata nusu ya chakula hicho. Kwa hiyo kinachotoka kimejaa nyuzi. Nyuzi hizo huoshwa, huchemshwa hata zitakate, hupondwa kuwa rojo, rojo likatiwa majini. Kisha fundi huzamisha fremu yenye wavu, huiinua taratibu maji yachuruzike, na juu ya wavu hubaki utando mwembamba, ambao hukamuliwa na kuanikwa. Katika kazi yote hiyo sikio halihitajiwi hata chembe. Huhitajiwa jicho la kuutambua unene wa utando ungali mbichi, na kiganja kisichotetemeka, na subira. Na kwa itikadi yangu, hekima ya karakana ile ilikuwa hapo, kwamba haikumtaka kiziwi ajikongoje kuifuata kazi iliyokatwa kwa kimo cha wengine, bali ilitafuta kazi iliyomstahiki, ikamwachia aifikishe kwenye ukamilifu.

Baadaye ukaja ufumaji, zikaja shanga, na mafundi wenye ulemavu wa namna nyingine wakajiunga. Kisha ukafunguliwa mkahawa, na wahudumu wake wakawa viziwi. Mgeni huketi, akaandika matakwa yake katika kipande cha karatasi. Au, akiwa na moyo, huweka kalamu chini akajaribu ishara, na vidole vyake, vilivyozoea kukaa bure wakati kinywa kikinena, vikababaika hewani, huku mwenyeji wake amesimama kwa upole, akimngojea alipate neno la chai.