Mchezo, Msiba na Ujuzi: Historia ya Mafunzo ya Kumhudumia Mtoto Aliyeumia Moyoni katika Delta ya Rufiji na Kibiti, 1905–2024

1.0 Utangulizi

Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa njiani wilayani Kibiti, mkoani Pwani. Tukio hilo lilikuwa sehemu ya mfululizo wa mauaji yaliyowakumba viongozi wa vijiji, watendaji na askari katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Mengi yaliyoandikwa kuhusu kipindi hicho yamejikita katika usalama na siasa. Watoto walioachwa na waliouawa, pamoja na watoto ambao jamaa zao walitoweka, wametajwa kwa nadra. Makala hii inauliza swali la kihistoria kuhusu watoto hao: katika eneo hili, ni nani aliyewahi kufunzwa kumhudumia mtoto aliyeumia moyoni, alifunzwa kwa utaratibu gani, na kwa idhini ya nani?

Swali hilo linaongozwa na dhana ya tiba kwa michezo. Katika tiba hiyo mshauri wa afya ya akili humwandalia mtoto chumba au kivuli chenye wanasesere, udongo, mchanga, rangi na ngoma ndogo, kisha humwacha aseme kwa vitu hivyo yale asiyoweza kuyasema kwa maneno. Ni taaluma yenye masharti yake ya mafunzo, na haipaswi kuchanganywa na desturi ya kuwachangamsha watoto kwa nyimbo na mpira baada ya maafa.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Rufiji haikukosa mafunzo. Ilikuwa na mikondo miwili ambayo haikukutana. Mkondo wa kwanza, wa makungwi na mafundi wa ngoma, uliufahamu mchezo lakini ulitiliwa shaka na dola. Mkondo wa pili, wa hospitali na vyuo, ulikuwa na idhini ya dola lakini ulimweka mtoto na mchezo wake pembeni.

2.0 Kungwi, Fundi na Dola

Wakazi wa bonde la Rufiji na delta yake, wakiwemo Wandengereko, Wanyagatwa, Wamatumbi na Wazaramo wa upande wa kaskazini, walikuwa na utaratibu wa kumvusha mtoto kutoka hali moja ya maisha kwenda nyingine. Utaratibu wa Wazaramo umeandikwa kwa kina zaidi, hasa na Marja-Liisa Swantz katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1970. Mwari aliyewekwa ndani alikabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na kiwiliwili bila mikono wala miguu. Alikiogesha, alikipaka mafuta na kukitunza kama mtoto wake. Kwa hiyo matumizi ya sanamu ndogo ili kumfikisha mtu penye jambo zito yalikuwa yakifahamika katika pwani hii kabla ya chuo chochote kuyafundisha.

Jambo linaloihusu zaidi makala hii ni namna kungwi mwenyewe alivyopatikana. Hakuna aliyekuwa kungwi bila kwanza kuwa mwari. Baadaye aliwafuata wakubwa wake, akajifunza nyimbo na mafumbo kwa kusikiliza, akasaidia mbele ya macho yao, na mwisho akaachiwa kuongoza. Fundi wa ngoma za pepo alipita njia inayofanana na hiyo: wengi walianza kama wagonjwa, wakapona ngomani, kisha wakafunzwa. Kupitia hali hiyo mwenyewe, kutazama, kusaidia na kuongoza chini ya uangalizi ni ngazi ambazo mafunzo ya washauri nasaha ya leo nayo yanazo.

Hata hivyo ni kosa kuuita unyago tiba. Lengo lake lilikuwa kumfunza mwari nafasi yake, si kumsikiliza. Mafumbo yalikuwa na jibu moja, na jibu hilo lilikuwa kwa kungwi. Mwari aliyefiwa na mama yake alifundwa kama wenzake, na mara nyingi kutoka ndani kulifungua mlango wa ndoa angali mdogo. Mbinu ilikuwepo, ila haikuelekezwa kwenye maumivu ya mtoto mmoja mmoja.

Dola nayo iliuangalia mkondo huu kwa jicho la usalama. Kinjikitile wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji yaliyoupa jina Vita vya Maji Maji, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Mwaka 1928 Waingereza walitunga sheria ya uchawi ambayo haikumpambanua vyema mganga na mchawi. Ilichukua hadi mwaka 2002 kwa Tanzania kupata sheria ya tiba asili na tiba mbadala inayoruhusu waganga kusajiliwa. Kwa takriban karne nzima, ujuzi wa kutuliza nafsi ulirithishwa kwa faragha. Ujuzi wa faragha hauwezi kukaguliwa, na usiokaguliwa haujui kasoro zake.

3.0 Hospitali, Vyuo na Mtoto Asiyeonekana

Mkondo wa pili ulianzia mbali na Rufiji. Kituo cha Lutindi, Usambara, kilichofunguliwa na wamisionari wa Kijerumani kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, kiligeuzwa kuwa makazi ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Mabadiliko hayo yana maana yake: nyumba iliyowalea watoto walioporwa kwao iligeuka kuwa ya watu wazima walioonekana kuwa tishio au mzigo. Mirembe, Dodoma, ilifuata mwaka 1927. Chini ya utawala wa kikoloni kazi kubwa ya mhudumu wa hospitali ya akili ilikuwa kulinda milango.

Baada ya uhuru mwelekeo ulibadilika. Muhimbili ilipata kitengo cha magonjwa ya akili, wauguzi wa fani hiyo walianza kufunzwa nchini, na mwaka 1973 sheria iliunda chuo cha taifa cha ustawi wa jamii, kinachojulikana leo kama Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama. Katika muongo wa 1980, kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani na Denmark, serikali iliendesha mpango wa kuipeleka huduma ya afya ya akili kwenye zahanati na vituo vya afya, ikianza na mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Watumishi wa ngazi ya chini walifunzwa kutambua wazimu, kifafa na sonona, na kutoa dawa chache za msingi.

Mpango huo ulikuwa wa kimapinduzi kwa wakati wake. Hata hivyo mgonjwa aliyefikiriwa alikuwa mtu mzima anayeweza kujieleza, au anayeelezwa na ndugu zake. Mtoto alionekana pale tu alipokuwa na kifafa au mtindio wa ubongo. Mtoto aliyeacha kuzungumza baada ya kushuhudia kifo hakuwa na safu katika daftari la zahanati.

Upofu huo ulikuwa umejitokeza Rufiji mapema zaidi. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha wakazi wa bonde kwenda kwenye miinuko, hasa upande wa kaskazini wa mto, katika zoezi lililoitwa Operesheni Rufiji. Kjell Havnevik ameonesha jinsi uhamisho huo ulivyovuruga kilimo kilichotegemea kujaa na kupwa kwa mto. Familia nyingi ziliendelea kurudi bondeni kwa msimu na kuishi katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Mtoto aliyezoea kuamia ndege shambani alitakiwa sasa kubaki kijijini kwa ajili ya shule, huku mama yake akiwa mtoni. Mipango ilihesabu madarasa, visima na ekari. Kutengana huko hakukuhesabiwa.

4.0 Taaluma Ilikotoka na Ilikopitia

Tiba kwa michezo haikuzaliwa katika mazingira tulivu. Margaret Lowenfeld, daktari aliyefanya kazi ya misaada Ulaya Mashariki baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alifungua kliniki ya watoto jijini London mwaka 1928. Humo watoto walijenga dunia zao kwa mchanga na sanamu ndogo. Wakati wa Vita vya Pili, Anna Freud na Dorothy Burlingham walilea katika vituo vyao vya Hampstead watoto waliotenganishwa na wazazi kwa sababu ya mabomu. Nchini Marekani, Virginia Axline alichapisha mwaka 1947 kitabu kilichoweka kanuni nane za kazi hii. Kiini chake ni kwamba mtoto huongoza na mshauri hufuata. Katika muongo wa 1960 Bernard na Louise Guerney walikwenda hatua zaidi: waliwafunza wazazi wenyewe kuendesha vipindi vya mchezo chini ya uangalizi wa mtaalamu.

Mwaka 1982 kiliundwa chama cha wataalamu hao Marekani. Masharti yake ya sasa yanamtaka mshauri, ambaye tayari ana leseni ya afya ya akili, apate saa 150 za masomo, saa 350 za kazi na watoto, na saa 35 za kusimamiwa. Uzito wa masharti hayo unatokana na ugumu wa kile kinachofundishwa. Mshauri hufunzwa kuacha kuuliza maswali, kutosifu wala kukemea, kuitaja hisia anayoiona bila kuifasiri, na kuweka mipaka michache isiyoyumba. Kwa mtu aliyelelewa katika desturi ambayo mkubwa hufunda na mdogo hufundwa, mafunzo haya yanamtaka aache alichokwisha kukijua. Mwalimu, kungwi na afisa ustawi wote wamezoea kwamba ukimya wa mkubwa mbele ya mtoto ni kasoro. Katika chumba cha mchezo ukimya huo ndio kazi yenyewe.

Tanzania ilikutana na mbinu zinazokaribiana na hizi Kagera. Janga la UKIMWI lilipoacha yatima wengi, mradi wa Humuliza ulianza Nshamba, wilayani Muleba, katika nusu ya pili ya muongo wa 1990, kwa kuwafunza walimu na walezi kumsikiliza mtoto aliyefiwa. Nchini Uganda wanawake wanaoishi na VVU walikuwa wakiandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Kutokana na uzoefu wa aina hiyo, mwaka 2002 uliundwa mtandao wa kikanda wa REPSSI, ulioeneza mafunzo ya msaada wa kisaikolojia kwa watoto mashariki na kusini mwa Afrika.

Kwa nini Kagera na si Rufiji? Tofauti kubwa ilikuwa namna msiba ulivyopewa jina. Yatima wa UKIMWI walitambuliwa kama suala la afya na ustawi, na kwa jina hilo wafadhili, walimu na vitabu vya mafunzo vilifika. Msiba wa Kibiti ulipewa jina la usalama, na kwa jina hilo likaja jeshi la polisi.

5.0 Kibiti: Pale Neno Linapokuwa Hatari

Hali ya Kibiti baada ya 2017 inaupa mchezo umuhimu ambao vitabu vya London na Marekani havikuutilia mkazo. Hofu ilikuwa ya pande mbili: kuonekana mtoa habari kwa wauaji, na kuonekana mshirika wa wauaji kwa dola. Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyeripoti mauaji hayo, alitoweka Kibiti mwezi Novemba 2017. Katika mazingira hayo mzazi aliyemwambia mwanawe anyamaze hakuwa akimnyima malezi. Alikuwa akimlinda.

Ushauri nasaha wa mazungumzo unavunja ulinzi huo. Unamtaka mtoto ataje nani, wapi na lini. Mchezo hauhitaji majina. Mtoto anaweza kumzika mwanasesere mchangani, kumfukua na kumzika tena mara kumi, na mshauri aliyefunzwa atasema tu kwamba ni vigumu kumwacha aende. Hakuna ushahidi uliotolewa wala siri iliyovuja, na bado maumivu yamepata shahidi.

Hapa ndipo ubora wa mafunzo unapokuwa suala la uhai. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Mshauri asiye na mafunzo ya kutosha anaweza kuuchukulia mchezo wa mtoto kama maelezo ya shahidi, akauandika katika faili, na faili likafika kusikotarajiwa. Anaweza pia, kwa hofu, kunyamazia mtoto anayepigwa nyumbani. Kupambanua mchezo wa msiba na dalili ya ukatili unaoendelea hakufundishwi kwa semina ya siku tatu. Kunahitaji msimamizi ambaye mshauri atamwendea kila wiki na kumweleza alichokiona.

Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, na Kimbunga Hidaya kilichofuata mapema Mei, yameongeza tabaka jingine. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2012 amepitia mauaji akiwa na miaka mitano na mafuriko akiwa na miaka kumi na miwili. Kwake hayo hayakuwa mambo mawili yenye wizara mbili.

6.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba kikwazo kikubwa Kibiti si vifaa. Udongo, mchanga, vifuu na matambara ya kushonea wanasesere vipo, na watoto wa pwani wamejipikilisha kwa vitu hivyo tangu zamani. Kikwazo ni usimamizi. Masharti ya saa 35 za kusimamiwa hayatekelezeki iwapo mtaalamu wa kusimamia yupo Dar es Salaam na mshauri yupo Salale au Maparoni, ambako safari huanza kwa kusubiri maji yajae.

Mikondo miwili inaweza kukutana katika hatua hiyo. Mkondo wa vyuo una masharti, kumbukumbu na maadili ya siri. Mkondo wa makungwi una kielelezo cha mafunzo ya muda mrefu, yanayofanyika palepale watu wanapoishi, chini ya jicho la aliyetangulia. Njia ya akina Guerney, ya kumfunza mlezi mwenyewe, inaelekea kufaa zaidi mahali ambapo bibi ndiye aliyebaki na wajukuu. Lakini bibi huyo naye amefiwa na mwana. Mafunzo yoyote yatakayomtaka aketi kimya mbele ya mjukuu anayezika mwanasesere hayana budi kwanza kumpa yeye mtu wa kuketi naye. Ngazi ya kwanza ya kungwi ilikuwa kuyapitia mambo mwenyewe, na ndiyo ngazi ambayo mitaala ya washauri inapaswa kuanza nayo ikifika Kibiti.