Nauli ya Kwenda na Nauli ya Kurudi: Msaada wa Safari katika Historia ya Usambara

Bulwa ni mahali pa juu katika Usambara ya Mashariki, penye msitu na mashamba ya chai, jirani na Amani na Kwamkoro. Atokaye huko kwenda Muheza kwa shughuli za soko, matibabu au serikali hana budi kuteremka mlima kwa njia yenye mizunguko mingi, kisha kuupanda tena. Kwa mwenye kipato kidogo nauli ya safari hiyo si jambo la kudharauliwa. Lakini swali la nani amsaidie mtu nauli si jipya katika nchi hii. Lina umri wa zaidi ya miaka 130, nalo limejibiwa kwa njia mbalimbali. Historia ya majibu hayo yafundisha kwamba msaada wa nauli haupimwi kwa safari ya kwenda, bali kwa safari ya kurudi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wadachi walifungua shamba la kahawa Derema, si mbali na Bulwa. Ardhi waliipata, lakini watu wa kuilima hawakuwapata. Wasambaa na Wabondei walikuwa na mashamba yao wenyewe, wala hawakuona sababu ya kuyaacha kwa muda mrefu ili walime ya wageni. Ndipo mwaka 1892 wakaletwa Wachina na Wajava kutoka Singapore, na baadaye wenye mashamba wakaelekeza macho yao Unyamwezi. Hapo nauli ikawa mtaji. Tajiri aliyemlipia mtu safari ya majuma mengi hakuwa akitoa sadaka, bali alikuwa akinunua mapema kazi ya mtu huyo. Naye mfanyakazi, kabla hajashika jembe, alikuwa amekwisha kufungwa na gharama ambayo si yeye aliyeipanga.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, wengi walitumaini kuwa taabu ya safari ingekwisha. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905. Tawi lake moja lilitoka Tengeni hadi Sigi, chini ya Amani. Lakini tawi hilo lilikusudiwa hasa kuchukua mbao na mazao, na liliishia chini ya mlima. Kutoka Sigi kwenda juu, mtu alitembea kwa miguu, na mzigo ulikaa kichwani.

Katika Usambara ya Magharibi serikali ya Kidachi ilitumia njia nyingine. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kila mwanamume mzima alipewa kipande kilichomlazimu kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Kwa hiyo katika nchi moja ya milima palikuwa na namna mbili za kupata wafanyakazi: wa karibu walisukumwa kwa kipande, na wa mbali walivutwa kwa nauli. Aliyesukumwa hakulipiwa safari, na aliyevutwa hakuwa huru kuondoka alipopenda. Njia zilikuwa mbili, lakini shabaha ilikuwa moja.

Wakati wa Waingereza jambo hili liliwekewa kanuni. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mapatano mwaka 1936, yakiagiza kwamba gharama za safari ya mtu aliyeandikwa kazi zilipwe na mwandikaji au mwajiri. Mapatano ya mwaka 1939 yaliongeza haki ya kurudishwa kwao kwa gharama ya mwajiri, mkataba ukiisha, au mtu akishindwa kazi kwa sababu ya ugonjwa au ajali. Hapo safari ya kurudi ilitajwa waziwazi kuwa ni haki.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wa Tanganyika waliunda ofisi yao ya kuandika wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Iliwachukua watu kutoka Njombe, Songea, Kigoma na hata Ruanda-Urundi, ikawaleta Tanga na kwingineko kwa magari na reli, ikiwapa masurufu na mahali pa kulala njiani. Haifai kuubeza msaada huo. Kabla yake watu wengi walitembea mamia ya maili, na wengine hawakufika. Hata hivyo wahenga walisema, rahisi ghali. Waliokuja kwa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa waliandikwa kwa namba, na jina hilo likabaki katika lugha kama neno la dharau. Aliyekatisha mkataba na kutoroka alijiwekea hatari ya kupoteza nauli ya kurudi. Tena wapo waliobaki wakaoa, wakazaa, na wajukuu wao sasa ni watu wa Tanga. Mashamba ya chai ya milimani nayo yalipokea watu wa makabila ya mbali, na ndiyo maana katika vijiji vya Usambara ya Mashariki husikika lugha nyingi.

Bei ya mkonge ilipoanguka kuanzia mwaka 1964, mashamba hayakuhitaji tena watu wa mbali, na utaratibu wa manamba ukafikia mwisho wake. Lakini wazo la nauli ya kurudi halikufa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 43, yamtaka mwajiri, kazi inapokoma mahali pasipo pale mfanyakazi alipoajiriwa, amsafirishe yeye na mizigo yake hadi huko, au amlipie usafiri huo, au ampe posho ya safari. Posho hiyo haiwezi kupungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu zaidi na mahali alipoajiriwa.

Kifungu hiki ni kizuri, ila kina mpaka wake. Chamhusu aliyeajiriwa mahali pengine. Mjukuu wa manamba aliyezaliwa Bulwa na kuajiriwa Bulwa hana kwingine pa kurudishwa. Wala kifungu hakisemi neno juu ya safari ndogo za kila siku, ambazo mara nyingi ndizo zinazommaliza mtu fedha. Msaada unaojulikana zaidi katika safari za namna hiyo ni nauli ya mwanafunzi katika mabasi ya mijini, ambayo mwaka 2013 iliwekwa kuwa shilingi 200. Lakini nauli hiyo iliyopunguzwa hubebwa na mwenye basi, na malalamiko ya wanafunzi kuachwa vituoni yamesikika miaka mingi.

Katika habari zote hizi swali hurudi lile lile: nani alipaye, na kwa faida ya nani? Tajiri wa Derema alilipa ili apate kazi, na SILABU vivyo hivyo. Sheria ya 2004 yamtaka mwajiri alipe wakati ambapo hana tena faida ya kupata kwa mtu huyo, na kwa sababu hiyo yastahili kuitwa hatua mbele. Hatua iliyobaki ni ya mtu wa mlimani ambaye hakuletwa na yeyote wala hatarudishwa popote, bali ateremka asubuhi kwa haja yake na kupanda jioni kwa fedha zake mwenyewe.