Kutu, Chumvi na Morris Minor

Sisi watu wa pwani, tuliozoea kuona majahazi yakipwelezwa ufukoni bahari inapofungwa, mafundi wakaingia chini ya mkuku na pamba zao za kukalafati na deheni ya chokaa na shahamu, hatuna haja ya kufahamishwa maana ya chombo kupumzishwa ili kipate kutibiwa. Waingereza nao, ambao majira yao ya baridi huingia Desemba na kutoka ukingoni mwa Machi, walikuwa na ada ya jinsi hiyo kwa magari yao, na tarikhi ya ada hiyo ina ajabu yake: mwanzo gari lililazwa kwa kuwa lilikuwa kitu kipya mno kuweza kustahimili baridi, mwisho likalazwa kwa kuwa kuukuu mno, na baina ya zama hizo mbili ilipita miaka ambayo halikulazwa hata siku moja, nayo ndiyo miaka iliyoliangamiza.

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 gari la Mwingereza aghalabu halikuwa na vioo vya ubavuni, na pengine halikuwa hata na paa. Ndani ya rejeta mlikuwa na maji matupu, ambayo yakiganda hutanuka na kuipasua injini kama mtungi. Basi mwenye mali, akisha kuona majani ya miti yanapukutika, alimwamuru dereva wake ayamwage maji, aliinue gari juu ya magogo ili mipira isibebe uzito, apake mafuta mazito kila palipo na shaba, na vyuma vilivyolika avipeleke kwa fundi vikachongwe upya. Kutu haikuwa hasimu mkubwa siku hizo, maana chesisi ilikuwa nene, na bodi lilikuwa kiunzi cha mbao kilichovikwa mabati, kazi ya watu wale wale waliokuwa wakiunda magari ya farasi.

Mambo yalibadilika pale viwanda vilipoiacha chesisi. Citroën la Ufaransa la mwaka 1934, na kwa Uingereza Vauxhall Ten la mwaka 1937, yaliundwa kwa mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa hata bodi lenyewe likawa ndilo linalobeba injini, magurudumu na abiria. Gari likawa jepesi na bei yake ikashuka. Lakini tundu la kutu, ambalo hapo kabla lilikuwa aibu ya uso tu, likawa maradhi ya mifupa.

Gari lililoonja taabu hiyo kuliko mengi ni Morris Minor, lililotolewa hadharani katika maonesho ya Earls Court, London, mwaka 1948, na kuundwa Cowley, kiungani mwa Oxford. Mbunifu wake alikuwa Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna katika dola ya Uthmaniya. Na mwenye kiwanda, Lord Nuffield, ambaye maisha yake ya kazi yalianzia kwenye baiskeli, hakulipenda hata kidogo, akalifananisha na yai lililopikwa majini bila ganda lake. Inasimuliwa, na dalili yake ilionekana kwa macho, kwamba gari la mfano lilipokamilika Issigonis aliliona jembamba, akaamuru lipasuliwe toka mbele hata nyuma, kisha nusu hizo mbili zikasogezwa mbalimbali kidogo kidogo mpaka jicho lake liliporidhika, na pengo lilipopimwa likawa inchi 4. Kwa kuwa bampa zilikuwa zimekwisha tengenezwa kwa upana wa awali, magari ya kwanza yaliuzwa na bampa zilizokatwa katikati na kutiwa kiraka cha inchi 4. Gari lilizaliwa kwa kukatwa na kuungwa, na kwa kukatwa na kuungwa ndivyo lilivyokuja kuishi.

Ilipoingia 1961 yalikuwa yamekwisha undwa milioni moja, hesabu ambayo hakuna gari la Kiingereza lililowahi kuifikia kabla yake. Wanunuzi hawakuwa mabwana wenye madereva. Walikuwa walimu, makasisi, na wakunga wa vijijini, ambao mtoto hakuwangojea mpaka theluji iyeyuke. Wote walihitaji barabara zipitike, na dawa ya barabara ilikuwa chumvi. Chini ya mashamba ya Cheshire, mita 150 hivi, pana mwamba wa chumvi uliosalia wa bahari iliyokauka zamani za kale, na mgodi wa Winsford ulianza kuuchimba mwaka 1844. Chumvi hiyo huyazuia maji yasigande upesi, lakini maji yaliyochanganyika nayo hupitisha umeme kwa wepesi zaidi baina ya upande mmoja wa chuma na mwingine, na kwa njia hiyo kutu hukaza mwendo. Yeyote aliyewahi kumiliki gari Mombasa au Unguja mkabala wa bahari ataelewa bila kuambiwa. Tofauti ni kwamba sisi chumvi twaletewa na upepo, ilhali wao waliimwaga kwa malori. Katika baridi kali ya 1962 na 1963, theluji ilipoanguka siku moja baada ya Krismasi na baridi isiondoke mpaka Machi, tope la chumvi lilipenya kila mkunjo wa bati.

Serikali nayo ilikuwa imekwisha leta shinikizo lake. Mwaka 1960 ulianzishwa ukaguzi wa lazima, unaoitwa hata leo MOT kwa herufi za Wizara ya Uchukuzi ya wakati huo, kwa magari yenye miaka 10. Mwaka uliofuata umri ukateremshwa hadi 7, na mwaka 1967 hadi 3. Hapo mwanzo wakaguzi waliangalia breki, taa na usukani. Mwaka 1977 hali ya bodi ikaingizwa katika ukaguzi, na mkaguzi akaanza kugongagonga chini ya gari, akisikiliza sauti: bati zima hulia, bati lililoliwa hukaa kimya.

Hapo ndipo ada ya kulaza gari ilipofufuka, safari hii mikononi mwa mwenye gari mwenyewe, ambaye jana alikuwa karani na leo, usiku wa Januari, yuko chali chini ya madigadi na miwani ya kuchomelea. Kazi yenyewe haikubali pupa. Kutu ionekanayo ni kidogo ya iliyopo, na fundi mwaminifu hukata mpaka afike kwenye chuma kinachong'aa, hata kama tundu la sarafu litakuwa tundu la sahani. Hukunja bati jipya kwa nyundo, akalichomelea kwa mshono usiokatika, kisha huusawazisha kwa kuyeyusha risasi iliyochanganywa na bati jeupe, akiikanda kwa kibao cha mbao kilichopakwa shahamu ili isinate. Wapo waliojaza tundu kwa magazeti na kupaka puti juu yake. Sitawapa nafasi hapa.

Lakini kwa rai yangu, mtihani wa mtengenezaji wa Minor hauko kwenye bati. Kwenye kila gurudumu la mbele mna kiungo chenye hesi, ambacho gurudumu hugeukia ndani yake, nacho hakiishi ila kwa grisi. Kikisahauliwa, hesi hulika kimyakimya, na siku moja, aghalabu wakati gari linakata kona taratibu, gurudumu hulala ubavu kama mguu wa ngamia anayepiga magoti. Kukibadilisha ni kazi ndefu. Kukitia grisi ni dakika chache.

Mwaka 1976 Charles Ware alifungua karakana ya magari haya katika mji wa Bath, na baada ya miaka 6 akachapisha kitabu cha kutetea kwamba gari la kale likitunzwa lina faida kuliko kununua jipya kila mara, kauli iliyoonekana ya kichaa kwa wauza magari. Sasa Minor halibebi wakunga. Tangu Mei 2018 gari la Uingereza lililotimiza miaka 40 bila kubadilishwa sana halilazimiki kukaguliwa, na wenye Minor wengi huyafungia ndani tangu chumvi ya kwanza inapomwagwa, wakayatoa mvua ya masika ikisha kuzisafisha barabara.

Lililo gumu zaidi kati ya magari hayo ni lile liitwalo Traveller, lililotoka mwaka 1953, ambalo sehemu yake ya nyuma ni kiunzi cha mbao za mti wa ash, wala si pambo, kwani mbao hizo ndizo zinazoshika paa na ubavu, na enzi za ukaguzi wa lazima mkaguzi aliyekuta zimeoza alilikataa gari kama ambavyo angelikataa kwa kutu. Mwenye Traveller hutumia majira ya baridi kwa ufundi wa namna mbili, leo mhunzi, kesho seremala, akiparua vanishi kuukuu, akichomoa ubao mmoja baada ya mwingine, na kukwangua, katika mifereji ya vioo vya nyuma ambamo unyevu haukauki, kuvumwani iliyoota humo.