Maji ya Mombasa Yanatoka Chyulu

Ndani ya Fort Jesus, Mombasa, kuna birika la Wareno na kisima cha Waarabu. Wareno, walioanza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, walitega maji ya mvua. Waoman walioitwaa 1698 wakachimba kisima cha futi 76, wakaambulia maji ya chumvi, ya kufulia na kuogea tu. Mwamba wa matumbawe ndivyo ulivyo: mvua hupenya kutoka juu, bahari nayo ikapenya ubavuni.

Ndiyo maana Mswahili hutofautisha maji chumvi na maji ya pepo, yaani matamu. Visima vya misikitini vilitosheleza udhu, lakini ya kunywa yalitafutwa na kununuliwa. Muuzaji alipita mitaani na mzegazega begani, debe mbele, debe nyuma.

Nyuma ya mji hali ilikuwa ngumu zaidi. Misafara iliyokwenda bara ilivuka nyika ya Taru kwa kutegemea ngurunga, mashimo ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua. Mvua ikikosa, wapagazi walitembea na kiu. Reli ilipoanza kujengwa 1896, vibarua wa Taru walipelekewa maji kwa treni.

Mji ulipata bomba mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka chemchemi za Marere, milima ya Shimba. Watu wakaongezeka, Marere ikaelemewa. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikaenda mbali zaidi, hadi chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo.

Chanzo cha Mzima ni vilima vya Chyulu, milima ya volkano isiyo na mto hata mmoja. Mvua na ukungu hunywewa na majivu na mawe yenye vitundu, maji yakasafiri chini ya ardhi kilomita 40 hivi, kisha yakachomoza yakiwa maangavu, viboko wakionekana hadi kwato. Hutoka zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Mombasa huchukua sehemu ndogo tu, kupitia bomba la kilomita zaidi ya 200, na kwa kuwa Mzima iko juu kuliko Mombasa, maji huja yenyewe bila kusukumwa na mashine. Kwa wahandisi wa wakati ule, hiyo ilikuwa kazi ya kujivunia.

Watu wa Taita Taveta wana habari nyingine. Bomba linapita kwao, kwenye nchi kame, na kwa miaka mingi viongozi wao wamedai kaunti ilipwe kwa maji yanayotoka ardhini mwake. Anayeishi karibu na bomba huku akichota dimbwini hahitaji kufafanuliwa dai hilo.

Na yale yasiyoingia bombani? Humiminikia mto Tsavo, ambao hukutana na Athi na kuwa Galana. Ukikaribia bahari, mto huohuo unaitwa Sabaki. Kandokando ya Sabaki, huko Baricho, vimechimbwa visima vinavyoilisha Malindi, Kilifi na Mombasa yenyewe. Kwa hiyo mvua ya Chyulu huifikia Mombasa kwa njia mbili: moja ndani ya bomba, safi kama ilivyotoka mwambani, nyingine mtoni, ikiwa imechanganyika na Athi, iliyopokea maji taka ya Nairobi. Mkokoteni wenye mitungi ya lita 20 unapopita mtaa wa Majengo siku mfereji unapokauka, mnunuzi hana namna ya kujua ananunua yapi.